Barua ya Alhamisi

Jumapili, 15 Machi

Mwanangu,

Mama yako amekufa. Amekufa Jumanne asubuhi, tumemzika Jumatano. Ningetanguliza salamu ungesoma nusu ya barua ukidhani tuko wazima wote. Ndiyo maana nimeanza na hilo.

Sasa salamu. Mimi mzima. Shangazi yako amekuja, yuko jikoni. Mvua imekata barabara pale darajani, malori hayakupita siku nne, kwa hiyo usikae ukiwaza kwamba ungewahi maziko. Hungewahi.

Ilikuwa hivi. Aliamka akasema, "Leo nimechoka kulala," akaenda kuinjika maji. Mimi navaa buti za kazini. Akasema, "Pumzi." Nikamwuliza pumzi imefanya nini. Akakaa chini pale mlangoni, akaegemea. Nilikuwa na buti moja mguuni. Nilipomfikia alikuwa ameshamaliza. Buti ya pili nimeivaa sijui saa ngapi.

Ule mguu alioteguka aliulaza kama ulivyomwandikia. Siku kumi, juu ya mito miwili, hakuushusha ila kwenda chooni. Jirani wa mlango wa kushoto alimwambia mguu umevimba huo, nenda hospitali. Akamjibu, "Hospitali ya nini, na daktari wangu ameshaandika?" Barua yako kila aliyekuja alisomewa.

Hayo ndiyo ya huku. Mwandiko wangu unaujua. Aliyekuwa anaandika vizuri nyumba hii ndiye huyo tuliyemzika.

Baba yako


Jumapili, 29 Machi

Shikamoo Baba,

Barua yako niliipata Jumatatu iliyopita. Imeletwa na dereva mpya wa lori la chumvi. Yule wa zamani, aliyekuwa anatupelekea barua, amehamishiwa njia nyingine.

Mimi ni mzima. Msalimie Shangazi, mwambie namshukuru kwa kukaa nawe. Zahanati kumejaa watoto wenye kikohozi, naandika kadi tangu asubuhi hadi vidole vinakufa ganzi. Nimepewa siku tatu za msiba. Nilizikaa chumbani. Sikulia, Baba. Nilipanga nguo, nikazipangua, nikazipanga tena.

Naomba unijibu jambo moja. Baada ya barua ile ya kulaza mguu, niliandika nyingine. Nilikuwa nimemsimulia tabibu wetu habari ya Mama, hivi hivi tu, tukinywa chai. Akaweka kikombe chini. Akaniuliza, "Shavu la mguu limevimba? La moto? Mguu mmoja?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Andika sasa hivi aende hospitali." Nikaandika hapohapo, nikampa dereva wa zamani mkononi. Ilikuwa Jumatano, tarehe nne Machi. Ndani hamkuwa na maneno mengi: Mama aende hospitali leo, asisubiri kesho.

Ilifika lini?

Mwanao


Jumapili, 12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Shangazi yako anatawala jiko kama jemadari. Anatia chumvi kwenye mboga kama vile na mimi ni ngozi ya kuhifadhiwa. Nakula, nanyamaza. Ukimwambia imezidi, anasema ulimi wangu umeharibiwa na kiwanda.

Kazini kuzuri. Tumepokea ngozi nyingi, mbichi, zina nyama bado. Mimi na mwenzangu wa kisu tunakwangua toka asubuhi. Wamenipa jina. Toka siku ile barua ya chuo cha udaktari ilipokuja wananiita Baba Daktari. Jana mmoja ananiambia, "Baba Daktari, nina jipu mahali siwezi kupataja, nikuonyeshe wewe au nimsubiri mtoto?" Nikamwambia msubiri mtoto, atalipasua kwa kisu changu. Wakacheka.

Chuo kimeleta bahasha nyingine. Ndani mna fomu ya kukubali nafasi. Inataka sahihi yako na ya mzazi. Yangu nimeshatia. Iwafikie kabla ya tarehe thelathini Juni, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Msimamizi wa kiwanda amenisomea mara mbili, ndivyo ilivyo. Naituma na lori la chumvi. Tia sahihi, irudishe posta ya huko.

Kuhusu barua, barua za lori zinafika zinapofika.

Baba yako


Jumamosi, 25 Aprili

Shikamoo Baba,

Fomu nimeipata. Ninyi hamjambo? Mimi sijambo.

Hukunijibu. Basi nitasema mimi.

Tabibu ana kitabu kikubwa, nikamwomba anionyeshe. Nimeusoma ukurasa ule mpaka naujua bila kuutazama. Mtu aliyeteguka akilala siku nyingi bila kutembea, damu inaweza kuganda ndani ya mguu. Mguu unavimba, unakuwa wa moto. Hapo anatakiwa hospitali. Asipoenda, siku moja anainuka, kipande cha ile damu kinapanda mpaka kwenye mapafu. Pumzi inakata. Ni dakika chache.

Mama aliniandikia kwamba mguu umevimba na ni wa moto. Mimi nikamjibu, "Usitembee, Mama. Lala, weka mguu juu ya mto." Niliandika kama daktari. Nilikuwa nimepata barua ya kukubaliwa chuoni wiki mbili tu kabla. Kadi ndizo ninazoandika hapa, Baba: jina, umri, kijiji, foleni namba ngapi. Hakuna aliyenifundisha hata kufunga kidonda. Lakini nyumbani mliniita daktari, na mimi nikaitika.

Siendi chuoni. Nimewaza vizuri, sina homa wala wazimu. Mtu aliyemwua mama yake kwa barua hawezi kwenda kufundishwa kuponya wa wenzake. Hapa zahanati wananitaka niendelee na kadi. Kadi haziui mtu.

Ile barua ya pili naona ilipotelea njiani. Kama ni hivyo sema tu, nijue.

Mwanao


Jumapili, 10 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tuko wazima. Jirani wa mlango wa kushoto ameng'oa jino. Bati la chooni limevuja, nimeliziba.

Umeandika maneno makubwa. Hujaua mtu. Mama yako alikuwa mtu mzima, ana akili zake, alikuwa na mdomo kuliko mimi na wewe tukiunganishwa. Hakuna mtu aliyewahi kumlaza asipotaka kulala.

Nikwambie ya kazi, maana kukwangua ndiyo kitu ninachokijua. Siku yangu ya kwanza pale kiwandani nilitapika mara tatu. Harufu ya ngozi iliyokaa kwenye chokaa hujawahi kuisikia, na mimi sijawahi kurudi nayo ndani kwetu, nilikuwa naoga nje kwanza. Mzee aliyenifundisha akaniambia usibane pumzi. Ukibana, utakapoiachia utavuta harufu yote kwa mkupuo. Vuta kama kawaida, pua itachoka yenyewe. Ikachoka. Siku ya pili nikatoboa ngozi. Siku ya tatu nikatoboa nyingine. Msimamizi wa enzi hizo akanitukana mimi, mama yangu na kijiji chote. Siku ya nne nikaenda. Kisu hakifahamu kwamba jana uliharibu. Kinakwenda unakokipeleka leo.

Nasikia huko chuoni mnaanza na maiti. Basi usibane pumzi.

Tia sahihi.

Baba yako


Jumamosi, 30 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini hamjambo. Pole na bati.

Nakurudishia fomu. Sikutia sahihi. Usinitumie tena, tafadhali.

Ngozi uliyoitoboa ilikuwa ya ng'ombe aliyekwisha kufa.

Mwanao


Jumapili, 7 Juni

Mwanangu,

Hakuna salamu leo. Nimemwambia shangazi yako aende kwa jirani nikae peke yangu na kalamu.

Barua yako ya pili haikupotea. Ilifika Alhamisi, tarehe tano Machi, saa nne asubuhi. Dereva wa zamani aliniita getini, akanipa mkononi. Nilikuwa na aproni ya mpira, mikono imejaa chokaa. Nikaishika kwa ncha za vidole.

Sikuifungua.

Unakumbuka ulituahidi orodha ya vitu vya chuo. Koti jeupe, sijui viatu vya namna gani, vitabu, sindano za chanjo. Mama yako alikuwa anaisubiri hiyo orodha kama mtu anavyosubiri mgeni. Kila siku nikirudi, "Orodha haijaja?" Akaniambia, "Ikija usiifungue njiani, wewe unasoma kama unavunja mawe. Niletee Jumapili ukiwa huna kazi, nikae nikusomee kimoja kimoja, na wewe useme kila kimoja tutakipata wapi." Basi nilipopewa bahasha yako nikaona ndiyo hiyo. Nikafurahi. Nikasema mgonjwa nitampelekea Jumapili, nimkalie pembeni, achangamke. Nikaiweka kwenye kabati langu la kazini isishike chokaa. Mfuko wa koti, upande wa ndani.

Ijumaa nikamwona amelala. Jumamosi nikamwona amelala. Akauliza, "Orodha?" Nikasema bado. Nilikuwa nacheka moyoni, ujue. Nilikuwa naificha kama zawadi.

Jumapili mashine ya kuzungushia ngozi ikaharibika. Ngozi zikiachwa zinaoza, wakatuita wote, tukazitoa kwa mikono mpaka jioni. Nikasema basi nitampa Jumatatu. Jumatatu nikasahau koti kabatini. Jumanne ni ile Jumanne.

Alhamisi baada ya maziko nilienda kazini. Nikafungua kabati, nikavaa koti, nikaisikia mfukoni. Nikakaa kwenye benchi nikaisoma. Unajua nasoma polepole. Nilifika kwenye "leo" nikarudi mwanzo.

Alipita mwenzangu wa kisu akaniuliza ni barua ya nani. Nikasema ya mtoto. Akasema anasemaje. Nikasema anatusalimia.

Anayejua ni mimi na yule dereva. Alikuja kuniaga alipohamishwa, nikamweleza yaliyokuwa ndani ya bahasha, akaniambia, "Mzee, mimi sikuleta kitu, wala sikuona kitu." Nikamwambia ahsante. Ndiyo maana nilikaa kimya. Nilijua hutamfikia, na mwingine wa kukwambia hayupo. Nikasema nitaishi nayo mpaka nife, na wewe utakuwa daktari, mambo yaishe. Kumbe wewe umejibebesha. Nilikuandikia kwamba alilala kama ulivyosema. Niliandika kama taarifa, sikujua nakuchoma.

Wewe ulikosea, ukauliza anayejua, ukaandika tena siku ileile. Ulifanya kazi yote. Mimi ndiye niliyeiweka kazi yako kabatini siku tano.

Kama hutaki kuniona tena, sawa. Hilo nililiwaza kabla sijashika kalamu. Lakini chuo ni kitu kingine, usikichanganye na mimi.

Fomu ni ileile uliyoirudisha, nimeinyoosha kwa pasi ya shangazi yako. Tarehe thelathini haijafika.

Baba yako


Jumapili, 28 Juni

Mwanangu,

Sisi wazima. Shangazi yako anakusalimia. Jirani wa mlango wa kushoto naye.

Ni hayo tu.

Baba yako


Jumapili, 12 Julai

Mwanangu,

Sisi wazima. Tarehe imepita. Msimamizi ananiuliza, mtoto ametia sahihi? Nasema mambo yanakwenda. Wenzangu wanasema Baba Daktari siku hizi hacheki. Nimetoboa ngozi mbili wiki hii, miaka kumi na tisa sijatoboa. Wakadhani kisu kimekuwa butu, wakaninolea. Hakikuwa butu.

Huna haja ya kuandika barua ndefu. Andika "ndiyo" au "hapana". Hilo hata mimi nalisoma haraka.

Baba yako


Jumapili, 26 Julai

Shikamoo Baba,

Mimi ni mzima. Barua zako tatu ninazo zote.

Ile ya tarehe saba Juni niliisoma nikaiweka chini ya kadi, nikaendelea kuandika kadi. Siku hiyo tulikuwa na watu sabini na wawili. Nilimaliza wote. Nilisubiri nikukasirikie. Nilikaa wiki nzima nasubiri kama mtu anayesubiri chafya. Hasira haikuja. Nikasubiri nione nafuu kwamba si mimi peke yangu. Nayo haikuja. Kwa hiyo sina la kukuambia upande huo, Baba, si kwamba nakuficha.

Lakini wewe umeniambia kweli, na mimi nakuambia kweli. Nilimwuliza tabibu: kama Mama angefika hospitali Alhamisi ile, angepona? Alitaka nimwachie aseme hakuna ajuaye. Nikamwambia mimi si ndugu wa mgonjwa hapa, nijibu kama unavyojibu wenzako. Akasema, "Alhamisi ilitosha. Wengi wa hali hiyo hupona." Halafu akasema na lingine. Akasema, "Na wewe, mtu akikuandikia mguu umevimba na ni wa moto, ukamjibu alale, hilo nalo ni kosa, usijidanganye." Nikamshukuru. Ndiye mtu wa kwanza aliyezungumza nami tangu Machi bila kunibembeleza.

Fomu nilitia sahihi tarehe ishirini na tano Juni. Kesho yake niliipeleka mwenyewe mpaka dirisha la posta, nikailipia iende haraka. Sikutia kwa ajili yako, wala kwa ajili ya Mama. Siku hiyo alikuja mama mmoja na mtoto, mtoto ana degedege, tabibu alikuwa ametoka. Watu wote kwenye benchi wakanitazama mimi, kwa sababu nimevaa nguo nyeupe. Nikasimama pale na kalamu. Sikujua kitu, Baba. Nilimlaza mtoto ubavu kwa sababu niliwahi kumwona tabibu akifanya hivyo, nikakimbia kumtafuta. Mtoto yuko salama. Wakati nakimbia nikaona kwamba nimechoka kuvaa nyeupe bila kujua. Ni hilo tu. Jioni nikatia sahihi.

Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na sentensi ya kuanzia.

Chuo kinafungua tarehe saba Septemba. Nitakuja kabla ya hapo, siku tatu. Usije kunipokea kituoni. Njia naijua.

Mwanao


Jumapili, 6 Septemba

Mwanangu,

Marahaba ya ile shikamoo ya kuagana kituoni, maana basi liliondoka kabla sijaitikia.

Natumai umefika. Hii itakufikia hukohuko chuoni, nimeandika anwani kama ulivyoniachia, herufi kubwa.

Tulikaa siku tatu hatukusema ya maana, si wewe wala mimi. Shangazi yako anasema tulikuwa kama watu wawili wanaosubiri treni moja. Alikupikia, ukaonja, ukamwambia, "Shangazi, chumvi imezidi." Akakuchekea! Mimi miezi sita nanyamaza.

Uliniuliza Mama alikaa mlango upi, wa mbele au wa uani. Nikakuonyesha. Ukakaa pale chini, ukaegemea, miguu umeinyoosha. Nikapita juu ya miguu yako mara mbili kwenda kuchota maji. Sikujua kama nikwambie uinuke. Nikaona bora niendelee kujaza maji.

Kaburini ulisimama kidogo. Mimi nilisimama nyuma yako. Ukasema, "Twende, jua kali." Tukaenda.

Majirani walikuja Ijumaa na magonjwa yao. Nilikuwa nimewakataza, wakaja. Mwenye goti, mwenye tumbo, jirani wa mlango wa kushoto na mguu wake ambao siku hizi unamwuma. Wakapanga foleni ukumbini kama zahanati. Ukatoka chumbani ukawaambia, "Mimi bado si daktari." Wakacheka, wakasema acha maringo, binti. Ukasema tena, bila kucheka, "Mimi bado si daktari. Goti sijui. Tumbo sijui. Mguu huu sijui, na kwa sababu sijui, unaenda hospitali leo." Jirani akasema ataenda wiki ijayo. Ukamchukulia khanga yake msumarini, ukamvika mwenyewe, ukaondoka naye kwa miguu mpaka hospitali. Mlirudi saa kumi. Walimwambia ni mshipa tu umekaza, si kitu. Anakusema kila mahali kwamba umemtembeza bure. Mwache aseme. Anasema akiwa hai.

Jana asubuhi kabla hujaondoka ukaniambia kaa kitini, vua viatu. Ukapandisha suruali yangu mpaka magotini, ukabonyeza shavu la mguu huu, ukabonyeza la huu. Ukapima kwa mkono kama ni sawa. Miguu yangu haijashikwa na mtu toka Machi. Ukateremsha suruali, ukaninyooshea pindo, ukabeba begi.

Hujasema umenisamehe. Sikudai. Kama hutasema kabisa, usiseme. Ila likizo uje.

Msimamizi alinipa wiki, ile ambayo sikuichukua wakati wa msiba. Nimeikaa yote nyumbani. Shangazi yako naye anarudi kwake Jumatano, anasema sasa naweza kuungua na sufuria peke yangu. Nimenoa kisu. Kesho narudi kazini.

Baba yako